UPEPO NDIO UBEBAO MZIGO

Ukisimama pale sokoni lori linapopakiwa na ukauliza ni kitu gani kinachobeba yale magunia yote ya sukari na unga, wengi watakujibu bila kufikiri: tairi. Mwalimu wa Fizikia atalikataa jibu hilo, nami niko upande wake. Tairi peke yake ni mpira, nyuzi na waya. Ikikosa upepo hulala chini ya mzigo kama kandambili iliyochakaa. Kinacholishikilia gari juu ni upepo uliofungiwa ndani, nao husukuma pande zote kwa nguvu. Kazi kubwa ya mpira ni kuuzuia usitoroke. Kwa Kiswahili cha sayansi nguvu hiyo ikigawanywa kwa eneo huitwa kanieneo. Barabarani huitwa upepo tu, au presha, na geji za kwetu huisoma kwa paundi katika kila inchi mraba, yaani zile herufi PSI zilizoandikwa kwenye kioo chake. Katika makala haya nitasema paundi, kwa ufupi.

Sasa paundi ngapi? Hapo kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Dereva wa Landkruza atakwambia arobaini, hakuna maneno. Wa lori atasema jaza mpaka iwe jiwe. Fundi wa pancha ataibonyeza kwa kidole gumba, atikise kichwa na kusema, "Hii iko sawa." Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kutoa jibu kabla ya kuulizwa swali jingine: gari limebeba nini?

Ili jambo hili lieleweke nimechagua gari ambalo wengi wetu tumeliona likipita tu Isiolo, nalo ni gari-nyumba. Ni gari lenye kitanda, jiko, friji, tangi la maji na hata choo ndani yake. Watalii wa Kizungu husafiri nayo Afrika nzima kutoka Cairo hadi Cape Town au kinyume chake, na njia yao kubwa hupitia Moyale, Marsabit na Isiolo. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kutisha. Kabla lami haijafika, mawe makali ya Dida Galgalu yalikula tairi kama mbuzi alaye majani mabichi, na msafiri asiye na spea mbili alihesabiwa kuwa mpumbavu. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, na siku hizi Mzungu hupita na nyumba yake akinywa kahawa.

Wako wanaowacheka watu hawa, ati wanahama na nyumba kama konokono. Sisi wa huku hatuna ruhusa ya kucheka. Jamii zetu za wafugaji zimehamisha nyumba juu ya ngamia tangu zamani: fito, mikeka, ngozi, vibuyu vya maziwa, na mtoto juu yake. Tena mama anayempakia ngamia anajua mambo mawili ambayo mwenye gari-nyumba hulazimika kuyasoma kitabuni. La kwanza, mzigo wote lazima ujulikane kabla ngamia hajasimama. La pili, upande wa kulia na wa kushoto lazima ulingane, la sivyo mnyama ataumia mgongo kabla ya jua kutua.

KWA NINI GARI-NYUMBA?

Gari dogo la mjini kwa kawaida hubeba dereva na mkoba wake. Lori huenda limejaa na kurudi tupu, kwa hiyo tairi zake hupata siku ya kupumua. Gari-nyumba halipumziki. Hata likiwa limesimama chini ya mgunga kwa mwezi mzima, bado limebeba kitanda, kabati, betri, mtungi wa gesi na maji. Lita 100 za maji ni kilo 100 kamili. Mwenyewe akiongeza baiskeli mbili nyuma, spea, jembe la kujichimbua matopeni na katoni za vyakula, gari linakaribia ukomo wake bila yeye kuhisi chochote, kwa sababu injini haikulalamika.

Jambo la pili ni kile kibandiko cha namba za upepo. Magari mengi huwa na kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinachosema tairi za mbele zitiwe paundi ngapi na za nyuma ngapi. Ni kibandiko cha kuaminika, maadamu gari limebaki vile lilivyotoka kiwandani. Lakini gari-nyumba mara nyingi lilizaliwa likiwa gari la kubebea vifurushi, kisha mtu mwingine akajenga nyumba juu yake. Kibandiko kinazungumzia gari la zamani! Na hapa, ndugu msomaji, usidhani tunawasema Wazungu peke yao. Tazama Landkruza za kwetu zilizochomelewa vyuma vya juu na kuongezwa viti, au lori lililotengenezewa ngome ya kubebea ng'ombe. Kibandiko kimebanduka, au kipo lakini kinasema habari za gari lisilokuwapo tena.

Basi wenye gari-nyumba wanaojua kazi yao hufanya hivi. Hulijaza gari kila kitu kama wanavyosafiri: maji, mafuta, chakula, watu wote ndani. Kisha hulipeleka kwenye mizani na kupima kila ekseli peke yake, na ikiwezekana kila gurudumu peke yake. Tuseme ekseli ya nyuma imeonyesha kilo 2,100. Mwanafunzi wa hesabu atagawanya kwa mbili na kupata kilo 1,050 kwa kila tairi. Amekosea. Tangi la maji na jiko viko upande wa kulia, na mizani ya gurudumu moja moja inaonyesha kushoto kilo 1,000, kulia kilo 1,100. Namba ya kutumia ni ile kubwa, 1,100, na tairi zote mbili za ekseli hiyo hutiwa upepo sawasawa kwa kufuata hiyo. Ukitia wa kulia mwingi na wa kushoto kidogo, gari litavuta upande mmoja hasa unapokanyaga breki.

Baada ya kupata uzito, sasa tairi yenyewe isomwe. Ubavuni kuna maandishi mengi ambayo watu huyapita kama mapambo. Kati yake mna namba ya uwezo wa kubeba, ikifuatwa na herufi ya mwendo. Namba 100 maana yake tairi hiyo hubeba kilo 800. Namba 112 ni kilo 1,120. Namba 121 ni kilo 1,450. Ukikuta 121/120, ya kwanza ni tairi ikiwa peke yake, na ya pili ni ikiwa pacha, yaani mbili upande mmoja kama nyuma ya lori, ambapo kila moja huruhusiwa kilo 1,400. Kwa mfano wetu wa kilo 1,100, tairi ya 112 imebakiza kilo 20 tu. Ni kama mtu aliyeshikilia ukuta.

Kilo hizo hupatikana pale tu tairi inapokuwa na upepo ilioandikiwa na mtengenezaji. Ukipunguza upepo umepunguza kilo. Kila kampuni ya tairi hutoa jedwali: uzito huu, upepo huu. Huko Ulaya kuna tairi maalumu za gari-nyumba zenye alama ya CP, na za nyuma aghalabu hutiwa bari 5.5. Bari moja ni paundi 14 na nusu, kwa hiyo hiyo ni karibu paundi 80. Mtu aliyezoea gari dogo la paundi 32 atashtuka, lakini mzigo ndio unaodai.

Kosa moja nimelisikia mara nyingi mno hata likanichosha. Mtu husoma ubavuni namba ya juu kabisa ya upepo, akadhani hiyo ndiyo amri. La hasha! Ile ni mipaka. Kila chumba kina dari, lakini hatutembei tukiwa tumeligusa kwa kichwa. Tairi iliyojazwa kupita mzigo wake hufura katikati, hugusa ardhi kwa ukanda mwembamba, hudundadunda kwenye mawe na kulika katikati huku kando ziko mpya. Iliyopungukiwa hulika kando zote mbili, katikati kuko mpya. Ukiwa na chaki, nawe mwanafunzi huwezi kukosa chaki, chora mstari mnene kukata tairi kutoka ukingo hadi ukingo, kisha gari liende hatua mia mbili kwenye lami au ardhi ngumu. Chaki ikifutika sawasawa, upepo uko karibu na kweli. Ikifutika katikati peke yake, punguza. Ikibaki katikati, ongeza. Jaribio hili halishindi mizani na jedwali, lakini halihitaji shilingi hata moja.

BAUZA NA GUNIA

Huku Sericho mizani ya magari hatuna. Dawa yake ni kuhesabu, na kuhesabu tunajua. Gunia la mahindi ni kilo 90. Mfuko wa sukari mkubwa ni kilo 50. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 na kidogo cha mtungi wenyewe. Watu wazima kumi na watano wanakaribia tani moja, bila kuhesabu mizigo yao. Jumlisha uzito huo na uzito wa gari tupu uliomo katika hati zake, utapata picha isiyo mbali na kweli.

Chukua bauza la maji. Wakati wa ukame mkali ulioanza mwishoni mwa 2020 hadi 2023, mabwawa yalikauka na vijiji vingi vya Isiolo, Garissa, Wajir na Marsabit vilingojea maji yaliyoletwa kwa magari. Bauza la lita 10,000 limebeba tani kumi za maji peke yake, na maji hayatulii kama magunia. Kwenye kona yote hukimbilia upande mmoja na kuzielemea tairi za upande huo. Tairi za lori kubwa la namna hiyo huhitaji paundi 100 na zaidi. Zikiwa na 70, jicho halitaona tofauti, hasa ile ya ndani ya pacha ambayo hujificha. Ya ndani ikilegea, jirani yake hubeba mizigo ya wawili. Haichukui muda nayo hupasuka. Watu huhesabu hasara kwa bei ya tairi, lakini kwenye mstari wa mitungi kuna kina mama waliokuja tangu alfajiri, na kuna ndama wasioelewa maana ya pancha.

Mataniboi wetu wana desturi ya kuzigonga tairi kwa chuma au rungu na kusikiliza mlio. Siidharau. Iliyoisha upepo kabisa hulia mlio wa mfu, na mzoefu huitambua gizani. Lakini sikio halijui tofauti ya 100 na 80, na hizo 20 zinazokosekana ndizo zinazoua tairi. Geji ya mkononi bei yake hailingani hata kidogo na bei ya tairi moja ya lori. Kwa nini lori la mamilioni litembee bila geji ni jambo ambalo mimi sijapata kulielewa.

JOTO

Tairi ikizunguka, mbavu zake hukunjwa na kunyooka kila zinapogusa ardhi. Kunja waya mara nyingi uone unavyopata moto. Mpira ni hivyo hivyo. Tairi yenye upepo mdogo hukunjika zaidi, hivyo hupata moto zaidi, na moto hulegeza gundi kati ya mpira na nyuzi mpaka ukanda wa juu unabanduka wote kama ganda la ndizi. Vipande vile vyeusi vinavyotapakaa kando ya barabara kuu ni ushahidi. Watu husema, "Ilipasuka kwa kujazwa upepo mwingi." Mara nyingi kisa ni kinyume.

Joto linaleta tatizo jingine ambalo limewagonganisha wengi vichwa. Hewa iliyofungiwa ikipata moto, nguvu yake huongezeka. Tuseme tairi imetiwa paundi 80 alfajiri, joto nyuzi 20. Baada ya safari ndefu imefika nyuzi 50, na geji inasoma karibu 90. Sasa sikiliza maneno ya njiani:

"Mzee, hizi za nyuma zimepanda sana. Nipunguze kidogo?"

"Wachana nazo, kijana. Zikipoa zitarudi zenyewe."

Mzee yuko sahihi kabisa. Taniboi akizipunguza zirudi 80 zikiwa moto, kesho alfajiri zitakuwa na 71. Zitakunjika zaidi, zitapata moto zaidi, naye ataona zimepanda tena, apunguze tena! Ndiyo sababu namba zote za vibandiko na majedwali ni za tairi baridi, yaani gari lililolala usiku kucha au lililosimama saa tatu au nne kivulini. Kivulini, nasema. Tairi ya upande wa jua hapa kwetu saa nane mchana si baridi hata kama gari halijatikisika tangu jana.

Kuna hesabu moja tuliyoifanya na Mwalimu ambayo ilituchekesha. Gari linatiwa paundi 50 Nanyuki alfajiri, penye baridi ya nyuzi 12, mahali palipo karibu mita 1,950 juu ya bahari. Kisha linateremka hadi Sericho, chini ya mita 400, penye nyuzi 35. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje ya mabondeni ni nzito kuliko ya milimani: Nanyuki kama paundi 11.6, huku kwetu kama 14. Kwa hiyo kuteremka peke yake kunaishusha geji hadi 48 hivi. Lakini joto linaipandisha. Ukiweka mawili pamoja unapata karibu 53. Watalii wanaotoka milimani hushangaa geji yao imebadilika, wakaituhumu. Geji haina hatia.

Mambo haya si ya kwetu tu. Mwezi Agosti 2000, huko Marekani, kampuni ya Firestone iliamuru tairi milioni 6.5 zirudishwe. Nyingi zilikuwa zimefungwa kwenye magari ya Ford aina ya Explorer. Ukanda wa juu ulikuwa ukibanduka gari likiwa kwenye mwendo, hasa katika majimbo yenye joto, na gari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walifariki. Ford walikuwa wamependekeza paundi 26 tu. Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama mbele ya kamati za Bunge, mmoja akisema ni tairi, mwingine akisema ni gari na upepo wake mdogo. Sheria iliyotungwa mwaka huo huo ndiyo iliyofanya magari mapya ya huko, kuanzia Septemba 2007, yawe na taa ya kumwonya dereva tairi inapolegea. Gari kuukuu zinazofika kwetu mara nyingi taa hiyo haipo, au inawaka mwaka mzima na hakuna anayejali.

MCHANGA NA WAYO WA NGAMIA

Mpaka hapa nimesema kana kwamba upepo mdogo ni dhambi siku zote. Sivyo. Mwangalie punda akivuka laga lenye mchanga laini, kwato zake ndogo zinazama. Kisha mwangalie ngamia, mnyama mzito mara mbili au zaidi, akipita hapo hapo. Wayo wa ngamia ni mpana na laini, na anapoukanyaga hutanuka. Uzito ule ule umeenezwa mahali pakubwa, na mchanga unastahimili.

Tairi inaweza kufanywa wayo. Chukua gurudumu la Landkruza linalobeba kilo 800, yaani paundi 1,760. Likiwa na upepo wa paundi 40 kwa inchi mraba, gawanya, utapata inchi mraba 44 za tairi zinazogusa ardhi, karibu ukubwa wa daftari dogo la mazoezi. Punguza hadi 20, eneo linakuwa 88, karibu karatasi nzima ya mtihani. Ni makadirio, kwa sababu mpira nao hubeba kidogo, lakini yanaonyesha kwa nini gari lililokuwa likichimba kaburi lake mchangani hutoka kimya kimya baada ya upepo kupunguzwa. Kwa njia ya Modogashe kuja kwetu, mwenye kujua hili hatumii jembe sana.

Masharti yapo. Mwendo uwe wa polepole, kona zisikatwe kwa ghafula, na usishuke chini ya paundi 15, maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Lori lililojaa lisithubutu kushusha namna hiyo. Sharti kubwa ni kwamba ukifika ardhi ngumu, rudisha upepo kabla ya kukimbia. Hapa ndipo maafa huanzia. Dereva ametoka mchangani salama, abiria wanamsifu, kompresa hana, na duka la pancha liko kilomita kadhaa mbele. Anasema atatia upepo mjini. Anashika barabara nzuri na 20 zake, mzigo wote juu, jua la saa saba. Kwa wenye Landkruza nashauri kompresa ndogo ya kuunga kwenye betri, na kama haipo basi pampu ya mguu. Inachosha, lakini inafika.

Miiba nayo ina mchango wake. Mwiba wa mgunga tumeuzoea. Mathenge, ule mti ulioletwa na ukageuka adui wa malisho, una mwiba mgumu unaopenya tairi kama msumari. Tairi yenye tyubu huisha haraka. Isiyo na tyubu inaweza kuushikilia mwiba na kuvuja taratibu kwa siku nyingi, paundi mbili leo, mbili kesho, na mwenyewe asijue. Ukiuona mwiba kwenye tairi ya aina hiyo usiwe mwepesi wa kuung'oa mbali na fundi. Huenda ndio kizibo. Kifuniko kidogo cha vali kisidharauliwe pia. Vumbi likiingia, vali haifungi vizuri.

Historia ya tairi ya upepo nitaipitia mbiombio. Robert Thomson, Mskoti, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1845, lakini ukasahaulika. Mwaka 1888 Mskoti mwingine aliyekaa Belfast, John Boyd Dunlop, aliipata ya kwake baada ya kutengeneza tairi za baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, kazi inayoheshimiwa sana huku kwetu. Tamaa ya mpira iliyofuata ililetea Kongo ya Mfalme Leopold mateso makubwa hadi 1908, na hiyo ni makala nyingine kabisa. Kwetu Kenya kiwanda cha tairi cha Nairobi, kilichojulikana kwa jina la Firestone na baadaye Sameer, kilifungwa mwaka 2016.

Kuna wauzaji wa mijini wanaosifu naitrojeni, kwamba ukitiwa hiyo hutahitaji geji tena. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Hiyo safi haina unyevu na huvuja polepole kidogo, ni kweli, lakini ikipata joto hupanda kama nyingine, na mwiba hauiogopi.

Mwisho nitaje umri, kwa sababu gari-nyumba na lori la huku yanafanana hapo. Yote mawili husimama juani muda mrefu. Jua hukausha mpira ukapasuka nyufa ndogo mbavuni hata kama meno bado marefu. Ubavuni tafuta herufi DOT na ufuatilie mpaka tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Kampuni nyingi husema tairi yenye miaka kumi itolewe, hata kama imekaa stoo. Tairi ya namna hiyo hata ukiitia upepo wa jedwali lenyewe, umeutia kwenye gunia bovu.

Wengi wetu tutafunga shule kwa kupanda lori, juu ya mizigo, tukishika vyuma. Hakuna mkanda huko juu, na ya mbele ikipasuka usukani huvutwa upande mmoja. Kwa hiyo chama chetu kimenunua geji inayosoma hadi paundi 160, nayo iko kwa Katibu. Atakayetaka kuitumia siku ya kufunga shule, amwombe dereva kwa adabu, amuulize amebeba nini, na aje kuichukua kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, tairi zikiwa bado baridi.